Baisikeli ya Mfanyakazi na Heshima Yake

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wetu wa Embu na Meru. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao zamu zao ziliwazuia kuhudhuria.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya safari ya kwenda kazini. Nimechagua kusema juu ya baisikeli. Katika chama chetu tumekwisha kusema mengi juu ya mshahara, juu ya nyumba na juu ya likizo, lakini juu ya chombo ambacho wengi wetu hukipanda kila siku kabla jua halijatoka, hatujasema neno hata moja. Nimesikia mmoja hapo nyuma akinong'ona, "Baisikeli nayo ni jambo la mkutano?" Namjibu ndugu yangu kwamba ndiyo, ni jambo la mkutano, na nikimaliza atanihukumu mwenyewe. Nitasema kwanza jinsi baisikeli ilivyokuja kwetu, kisha jinsi watu wanavyoitazama, kisha faida yake na hatari yake, na mwisho nitataja mambo ambayo nataka chama kiyadai.

RELI ILIISHIA MLANGONI

Sisi watu wa Embu na Meru tunafanya kazi ya reli, lakini reli haikupita kwetu. Njia ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, ikafika Ziwa la Victoria, pale Kisumu, mwaka 1901. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913. Baadaye likasogezwa mbele kidogo kidogo, likapita Sagana na Karatina, likauzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi, likafika Nanyuki mwaka 1930. Hapo likasimama mpaka leo. Kwa hivyo mtu wa Embu mlango wake wa reli ni Sagana, na mtu wa Meru mlango wake ni Nanyuki. Kati ya mlango na nyumba pana kilomita nyingi, na hizo hakuna gari moshi lililowahi kuzipita.

Upande ule wa magharibi ndiko yalikokuwa mashamba ya walowezi, na reli iliyafuata mashamba. Tena ninyi wa gengi ya njia mnajua kwamba gari moshi halina urafiki na mlima mkali. Injinia wa reli akiona mlima haupandi kwa hasira, bali huuzunguka polepole. Na huku kwetu ni mabonde. Mito hushuka kutoka Mlima Kenya na kuchimba ardhi sana: Rupingazi, Thuchi, Nithi, Mutonga, Kathita. Barabara ya kutoka Embu kwenda Runyenjes, Chuka, Nkubu mpaka Meru huyakata mabonde hayo moja baada ya jingine, kama sisimizi anayetembea juu ya meno ya msumeno. Ukishuka unapanda, ukipanda unashuka.

Mahali pale ambapo reli iliishia, mtu alikuwa na miguu yake tu. Kisha ikaja baisikeli.

Baisikeli ya namna hii tunayoijua, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885. Aliyeitengeneza aliitwa Starley. Tairi la upepo likafuata mwaka 1888, kazi ya Dunlop. Yaani baisikeli hii na reli yetu ni karibu watu wa rika moja, maana reli ya Mombasa ilianza miaka 11 tu baada ya baisikeli ya Starley. Zilikua pamoja, na zilikuja kwetu karibu pamoja.

Wazee wanatusimulia kwamba wa kwanza kuonekana na baisikeli katika nchi yetu walikuwa Wazungu, kisha watu wa misheni. Misheni ya Kigari upande wa Embu ilianza mwaka 1910, ya Kaaga upande wa Meru mwaka 1912, na ya Chogoria mwaka 1922. Kutoka vituo hivyo walitumwa walimu na wainjilisti kwenda shule ndogo ndogo za vijijini, na aliyekuwa na baisikeli aliweza kuzitembelea shule mbili au tatu kwa siku moja, naye wa miguu alimaliza siku kwa shule moja. Nyuma yao wakaja makarani, wauguzi, na watu waliotoka kazini Nairobi na Mombasa wakiwa wameweka akiba ya miaka. Baisikeli ya Raleigh kutoka Nottingham ilikuwa kama shahada. Ilifunikwa nguo usiku, ikalazwa ndani ya nyumba pamoja na watu. Jumapili ilipanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka spoku zikang'aa. Watoto walikimbia kuisukuma mlimani bila kulipwa, ili tu wapate kuigusa. Na kijana aliyekwenda kuposa akiwa na baisikeli yake, wazee walimpa kiti kabla hajaomba.

Hata katika miaka ya Hali ya Hatari, kutoka 1952 mpaka 1960, wakati Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hakuweza kwenda huku na huku bila karatasi ya ruhusa, wazee wanasema mtu aliyeonekana juu ya baisikeli aliulizwa karatasi kabla ya kuulizwa jina. Mwenye baisikeli alikuwa mtu wa kutazamwa. Aliogopwa na wakubwa, akaheshimiwa na wadogo.

JINSI HESHIMA ILIVYOGEUKA

Sasa nauliza, heshima ile ilikwenda wapi?

Haikuondoka siku moja. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu zifanye kazi bila ile leseni ya abiria iliyotakiwa kwa mabasi, nazo zikaongezeka sana. Hilo lilikuwa jema kwa watu wengi. Tangu miaka ya 1960 kule Busia, mpakani kwetu na Uganda, vijana walianza kubeba watu juu ya keria kutoka boda hata boda, na hapo ndipo jina la boda boda lilipozaliwa. Baisikeli ikawa kazi ya kijana asiye na kazi nyingine. Kisha mwaka 2008 Serikali iliondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, zikaja kwa maelfu, zikachukua kazi ya baisikeli na zikachukua hata jina lake. Leo ukisema boda boda, mtoto hafikirii baisikeli kabisa.

Ndipo watu wakaanza kupanga vyombo kama ngazi: chini kabisa anayetembea, juu yake mwenye baisikeli, juu yake mwenye pikipiki, juu yake mwenye gari. Na kila mtu anatakiwa apande ngazi. Asiyepanda anaulizwa ana shida gani.

Mnayajua maneno hayo. Mwalimu wa shule akifika kwa baisikeli, wazazi wanaulizana kama mshahara wake umekwama benki. Mfanyakazi wa reli mwenye miaka 15 kazini akipita na baisikeli yake, kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo mwezi uliopita anampigia honi na kumwambia, "Mzee, bado tu?" Ukienda kwa wakwe zako kwa baisikeli, wanangojea gari lako lifike nyuma. Ukienda arusini, vijana wanaopanga magari wanakuambia uiegemeze kule nyuma karibu na jiko. Hata kanisani, mahali ambapo tunafundishwa kwamba watu wote ni sawa, pana mahali pa magari palipochorwa chokaa, lakini baisikeli huegemezwa kwenye ua, na mwenye ua akija anaitupa chini.

Dada zetu ndio wanaoumia zaidi. Mwanamke wa kwetu aliruhusiwa tangu zamani kubeba mzigo wa kuni mgongoni, kamba imemkaa kichwani mpaka imeacha alama, na hakuna aliyesema kwamba jambo hilo ni aibu. Lakini akikaa juu ya baisikeli, kijiji kizima kinatoka nje kutazama. Wako wanaosema kwamba itamharibia uzazi. Wanawake wa Uholanzi na wa China wameendesha baisikeli kwa miaka mingi, na nchi zile hazikukosa watoto. Wako wanaosema si adabu. Lakini mtungi wa maji wa lita 20 mgongoni kutoka mtoni mpaka nyumbani, huo ndio adabu?

Huko India, katika jimbo la Bihar, Serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana fedha za kununua baisikeli walipoingia sekondari. Wataalamu walipopima, waliona kwamba wasichana walioandikishwa sekondari waliongezeka kwa asilimia 32.  Kilichowaongeza ni baisikeli. Na jambo jingine ambalo lilitokea ni kwamba wasichana walipopita barabarani wengi pamoja, watu walichoka kucheka. Mmoja huchekwa, lakini mia moja huzoewa. Sisi watu wa chama twapaswa kulijua neno hilo kuliko watu wote.

Nami nimeonja dharau hiyo. Kabla ya kuingia kazi ya reli nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja, jina lake silitaji. Getini palikuwa na amri kwamba baisikeli isiingie ndani, eti inachafua mahali. Magari ya wakubwa yaliingia, yakamwaga mafuta chini, wala hayakuchafua. Vibarua tuliacha baisikeli zetu nje, tumezifunga kwa mnyororo kwenye mti. Jioni moja nilitoka nikakuta mnyororo umekatwa. Nilipokwenda ofisini niliambiwa kwamba kiwanda hakihusiki na mali iliyo nje ya geti. Nilipouliza kwa nini haikuwa ndani ya geti, nilionyeshwa ile amri. Nilitembea kwa miguu muda wa miezi saba, kilomita tisa kwenda na kilomita tisa kurudi, mpaka nikapata nyingine. Wenzangu, ile haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa amri iliyoandikwa na mtu asiyepanda baisikeli, juu ya watu wanaopanda.

HESABU YA MFANYAKAZI

Twende kwenye hesabu, maana kicheko hakijazi sufuria.

Tuseme unakaa kilomita 10 kutoka kazini. Kwa miguu, mtu mzima hutembea kilomita 5 kwa saa, kwa hivyo ni saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kwa baisikeli, mahali pasipo na mlima mkali, mtu wa kawaida huenda kilomita 15 kwa saa bila kujichosha. Hiyo ni dakika 40. Umeokoa dakika 80 kwenda na dakika 80 kurudi. Kwa siku 26 za kazi umeokoa zaidi ya saa 69 katika mwezi mmoja. Saa hizo unaweza kulima, kusoma, kulala, au kukaa na watoto wako.

Sasa fedha. Tuseme nauli ya matatu ni shilingi 70 kwa safari moja. Kwa siku ni 140, na kwa siku 26 ni shilingi 3,640. Tuseme baisikeli nzuri inakugharimu shilingi 14,000, na kila mwezi unatenga shilingi 400 kwa pancha, breki na mafuta ya mnyororo. Unabakiwa na shilingi 3,240 kila mwezi. Katika mwezi wa tano baisikeli imekwisha kujilipa. Mwaka ukiisha, baada ya kutoa bei ya baisikeli, mkononi una shilingi 24,880. Kila mmoja aweke nauli yake mwenyewe na bei ya dukani kwake, atapata jibu lake.

Tena kuna jambo la zamu. Gari la mizigo halingojei mapambazuko. Anayetakiwa kazini saa kumi ya usiku atapata matatu wapi? Na pikipiki saa hiyo hutaka bei ya saa hiyo. Baisikeli haina saa ya kuanza wala ya kufunga. Wengi wetu tumekwepa barua ya onyo kwa sababu ya baisikeli iliyoegemea ukutani.

Sisemi kwamba kila mtu aweza kuitumia. Aliye juu karibu na msitu, ambaye jioni lazima apande kilomita nane za mlima mtupu, huyo simdanganyi. Huko mtu husukuma zaidi kuliko anavyopanda. Ndiyo sababu ukishuka Mbeere, kwenye tambarare za Mwea, au Tharaka, utaona baisikeli nyingi, zenye magunia, madumu ya maji na mbuzi juu ya keria, lakini ukipanda kwenye majani chai zinapungua. Ila hata huku juu, siku hizi zinapatikana baisikeli zenye gia nyingi, na fundi yeyote aliye chini ya mti pale sokoni aweza kuzitengeneza. Gia ndogo ni kama njia ya reli inayouzunguka mlima. Unakwenda polepole, lakini unafika bila kusimama.

Na kwa wale wanaosema baisikeli ni ya watu waliobaki nyuma, nawakumbusha haya. Chris Froome, aliyeshinda mashindano makubwa ya Ufaransa mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na aliyemfundisha kuendesha utotoni ni Mkenya, David Kinjah, katika barabara za Kikuyu. Mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu katika mashindano hayo hayo na akavikwa jezi ya kijani. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baisikeli za barabarani yalifanywa Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na milima ya Kigali si midogo. Waziri Mkuu wa Uholanzi, Mark Rutte, alipokuwa kazini alikwenda ofisini kwa baisikeli. Hakuna aliyemwambia aiegemeze karibu na jiko.

HATARI YA BARABARA

Lakini baisikeli peke yake haimlindi mtu, nami sitaki mtoke hapa mkisema nilifunika hatari.

Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba watu karibu milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani katika ajali za barabara, na zaidi ya nusu yao ni wanaotembea kwa miguu, wenye baisikeli na wenye pikipiki. Yaani barabara inajengwa kwa ajili ya aliye ndani ya chuma, na anayekufa ni aliye nje ya chuma.

Barabara yetu tunaijua. Julai 24, 2022, basi lilitumbukia kutoka Daraja la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kama basi zima lenye dereva na breki za upepo linashindwa na mteremko ule, itakuwaje kwa mtu wa baisikeli, lori likija nyuma yake, na ukingo wa lami umevunjika kama mkate? Akitoka kwenye lami anaanguka shimoni. Akibaki, anasukumwa. Na akigongwa, watu wanauliza, "Alikuwa anatafuta nini barabarani?" Kana kwamba barabara si yake, naye analipa kodi katika kila kilo ya sukari anayonunua.

Watasema barabara kubwa haiwezi kugeuzwa. Yaliwezekana kwa wengine. Mwaka 1971 huko Uholanzi zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani, na kati yao zaidi ya 400 walikuwa watoto. Wazazi walikataa, wakaandamana, wakalala barabarani. Serikali yao ikaanza kujenga njia za baisikeli zilizotengwa na magari. Nchi ile haikuzaliwa na njia hizo. Ilizidai, ikazipata.

Nasi kwa upande wetu tuna wajibu. Watu wa reli hatuna udhuru wa kutojua breki. Tunajua kwamba reli ikilowa gurudumu huteleza, ndiyo maana injini hubeba mchanga. Rimu ya chuma ya baisikeli ni vivyo hivyo: ikilowa, breki haishiki kama ulivyozoea. Mwendo wa kilomita 40 kwa saa kwenye mteremko ni mita 11 kwa kila sekunde moja. Ukishtuka kwa sekunde mbili, umekwisha kwenda mita 22. Kwa hivyo pima breki kabla ya mteremko, na siku ya mvua anza kushika mapema. Taa usiku, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Tochi iliyoshikwa mdomoni si taa. Na lile vazi la kung'aa tunalopewa kwa kazi ya njia, usilikunje mfukoni ukitoka zamu. Livae mpaka nyumbani. Dereva wa lori akikuona mapema ana nafasi ya kukuepuka.

MAMBO TUNAYOPASWA KUDAI

Sasa nafika kwenye neno lililonileta hapa.

Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, humlinda mfanyakazi anayeumia akiwa kazini na kwa ajili ya kazi. Juu ya safari ya kwenda na kurudi, inamtaja yule anayebebwa bila malipo katika chombo kilichotolewa na mwajiri kwa kazi hiyo. Huyo huhesabiwa kuwa yuko kazini. Mtu wa baisikeli yake mwenyewe hakutajwa hapo. Kwa hivyo wakiumia watu wawili asubuhi moja, katika kona moja, wakienda kwenye kazi moja, mmoja katika gari la kazi na mwingine juu ya baisikeli, wa kwanza ana njia ya fidia na wa pili ana michango ya jirani. Nawaombeni mlifikirie hilo. Wangapi kati yetu wanapanda gari la kazi, na wangapi wanakuja kwa miguu na kwa baisikeli?

Basi napendekeza mambo matano.

La kwanza, katika mapatano yetu na mwajiri tudai bima kwa anayeumia katika njia ya kawaida ya kwenda kazini na kurudi, kwa chombo chochote au kwa miguu. Sheria huweka sakafu. Haikatazi chama kujenga juu yake.

La pili, posho ya safari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, inamtaka mwajiri atoe nyumba au fedha za nyumba. Juu ya safari hakuna sharti kama hilo, kwa hivyo tutapata kile tu tutakachokiandika katika mapatano. Na posho hiyo iwe sawa kwa kila mtu. Anayekuja kwa baisikeli asikatwe eti hakulipa nauli. Amelipa kwa magoti yake.

La tatu, banda. Kila mahali pa kazi pawe na banda la baisikeli ndani ya geti, lenye paa, lenye vyuma vya kufungia, mbele ya macho ya mlinzi. Si jambo kubwa. Mabati machache na vyuma chakavu, na mafundi tunao sisi wenyewe.

La nne, mkopo wa baisikeli kupitia chama cha akiba, ukatwe kidogo kidogo katika mshahara. Lakini hapa tuwe na hadhari. Kifungu cha 19 cha sheria ile ile kinasema makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Aliyekwisha kukatwa mpaka ukingoni asiongezwe mzigo, hata kama ni mzigo wenye magurudumu.

La tano, barabara. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, barabara za kaunti ni kazi ya serikali za kaunti, na mtu yeyote ana haki ya kupeleka maombi. Tupeleke maombi katika mabaraza ya Embu, Meru na Tharaka-Nithi, na kwa wenye barabara kuu ya taifa, tukitaja mahali kwa jina: mteremko gani, kona gani, daraja gani, na upana gani tunaotaka pembeni. Maombi yanayosema "tutengenezewe barabara" hutupwa. Maombi yanayosema "mita moja na nusu, kutoka hapa mpaka pale" huwa magumu kutupa.

Kabla ya kuja hapa, mwanachama mmoja, mtu ninayemheshimu, alinipinga. Alisema, "Ukidai banda la baisikeli, mwajiri atafurahi. Atasema hawa wameridhika na baisikeli, mshahara wao unawatosha." Neno hilo si la kijinga, nami nimelifikiri siku nyingi. Nalijibu hivi. Mwajiri anajua leo kwamba tunakuja kwa baisikeli, anaziona kila asubuhi. Kunyamaza kwetu hakujatuongezea hata senti moja ya mshahara. Kumetuongezea aibu tu, na aibu ya mfanyakazi humfaidi mwajiri, maana mwenye kuona aibu hadai. Tukidai banda, tunadai pamoja na mshahara, katika karatasi moja. Na yule atakayepata fedha za kununua gari na anunue, kwa heri. Lakini asije kutuambia kwamba siku zile alizokuja kwa baisikeli hakuwa mtu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Baisikeli ni mbacha wetu. Imetupeleka Sagana, imetupeleka Nanyuki, imewasomesha watoto kwa nauli ambayo hatukulipa. Ni mali ya mtu mzima mwenye kazi yake, na namna ya kuipa heshima ni kuiandika katika madai ya chama kama tunavyoandika mambo mengine ya wafanyakazi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mambo haya matano yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano, yajadiliwe na wanachama, na yapigiwe kura kabla hatujatawanyika. Wanaoyapinga wayapinge hapa hapa mbele ya wote, ili tuelewane.

Umoja ni nguvu.